Mto Usio na Maji: Ramani za Sura ya Nchi na Majina ya Mito Kaskazini mwa Kenya

1. Utangulizi

Mtu aifunuapo ramani ya kaskazini mwa Kenya kwa mara ya kwanza hushangazwa na wingi wa mistari ya buluu. Kutoka milima ya Marsabit hadi mpaka wa Somalia, na kutoka Ziwa Turkana hadi Moyale, karatasi imejaa mistari iliyokatikakatika, ambayo huteremka, huungana, hupanuka, kisha hutoweka. Asiyeijua nchi ile atadhani kwamba ni nchi ya mito. Lakini afikapo mahali penyewe, aghalabu hukuta mchanga mkavu, migunga iliyosimama kingoni, na nyayo za ngamia. Ramani haikusema uongo, wala msafiri hakupotea njia. Lililotokea ni kwamba neno "mto", kama alijuavyo mtu wa pwani au wa nyanda za juu, limetwishwa maana ambayo halikuzoea kuibeba.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: jinsi ramani za sura ya nchi zinavyotengenezwa, jinsi mito, barabara na visima vya kaskazini vinavyoonyeshwa katika ramani hizo, na jinsi majina ya wenyeji yalivyoingizwa humo, mara nyingi kwa tahajia inayoficha maana yake. Mwishoni yanajadiliwa maneno ya Kiswahili yafaayo kutumiwa katika uwanja huu. Jambo lenyewe si la wapima ardhi peke yao. Mwenye kusoma mstari wa buluu na kuutegemea kwa maji ya kunywa, na mhandisi mwenye kuona mchanga mkavu akadhani ni ardhi ya kawaida, wote wawili huweza kupata hasara kubwa kwa sababu ya alama moja iliyofahamika vibaya.

2. Ramani ya sura ya nchi

Ramani ya sura ya nchi ni ile inayoonyesha umbo la ardhi pamoja na vitu vya kudumu vilivyomo juu yake: milima, mabonde, mito, maziwa, barabara, vijiji, visima na mipaka. Yatofautiana na ramani ya kisiasa, ambayo kusudi lake ni kuonyesha tu nchi na miji, kwa kuwa hii ya kwanza hushughulika pia na mwinuko. Mwinuko huonyeshwa kwa kontua, yaani mistari ya rangi ya kahawia inayounganisha mahali pote penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Kontua zikikaribiana, ardhi ni ya mteremko mkali. Zikiachana, ni tambarare. Mahali kontua zinapojipinda kwa umbo la herufi V, na ncha ya V ikaelekea juu mlimani, hapo pana njia ya maji, hata kama mchoraji hakutia mstari wa buluu.

Rangi nazo zina desturi yake. Buluu ni maji, kahawia ni mwinuko, kijani ni mimea, nyekundu ni barabara kubwa, na nyeusi ni majengo na majina. Katika rangi ya buluu, mstari usiokatika ni mto wa kudumu. Uliokatikakatika ni mto wa msimu. Mahali ambapo mto wa msimu ni mpana, hutiwa vitone vidogo kuonyesha mchanga.

Jambo la msingi zaidi ni kipimo. Sehemu kubwa ya kusini na magharibi mwa Kenya ilichorwa kwa kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 katika karatasi ni kilometa 1 ardhini. Sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ilichorwa kwa 1:100,000, ambapo sentimita 1 ni kilometa 1. Tofauti hii si ndogo. Katika kipimo cha pili, kila sentimita ya mraba hubeba kilometa ya mraba nzima, yaani hekta 100. Mto wa mchanga wenye upana wa mita 50 huwa nusu milimita. Kisima chenye upana wa mita 2 huwa sehemu mbili za mia za milimita, kitu ambacho hakuna kalamu iwezayo kukichora. Kwa hiyo kisima hakionyeshwi kwa ukubwa wake. Huonyeshwa kwa alama, na mchoraji ndiye anayeamua ni visima vipi vinavyostahili alama. Uamuzi huo hutegemea habari alizopewa, na habari hizo hutegemea lugha aliyoulizia.

3. Jinsi kaskazini ilivyochorwa

Kabla ya ramani za karatasi, zilikuwapo ramani za mdomo. Wafanyabiashara wa pwani walioongoza misafara ya pembe za ndovu katika karne ya 19 walijua vituo vyao kwa majina, kwa hesabu ya siku za kutembea, na kwa habari za maji. Mmisionari Thomas Wakefield alichapisha mwaka 1870 habari za njia za misafara hiyo kama alivyosimuliwa na Sadi bin Ahedi, mtu wa sehemu za Gazi. Joseph Thomson naye, aliyesafiri Umasaini katika miaka ya 1883 na 1884, alipata habari za ziwa kubwa la kaskazini lililoitwa Samburu. Basi lugha ya Kiswahili ilikuwa na habari za ziwa lile kabla ya Mzungu yeyote kuliona.

Mwezi wa Machi 1888, msafara wa Count Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel, uliofuatana na mfanyabiashara Jumbe Kimemeta wa Pangani pamoja na wapagazi wengi wa pwani, ulifika kwenye ziwa hilo. Von Höhnel, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini la Austria-Hungaria, ndiye aliyepima na kuchora njia yote. Katika maandishi yake alihifadhi pia majina aliyoyasikia: Basso Narok, yaani ziwa jeusi, na Basso Ebor, yaani ziwa jeupe, lililo upande wa kaskazini mashariki. Hata hivyo majina yaliyotiwa katika ramani za Ulaya yalikuwa ya mrithi wa ufalme wa Austria, Rudolf, na ya mkewe, Stefanie. Jina la Rudolf lilidumu katika ramani hadi mwaka 1975, wakati Serikali ya Kenya ilipoliita ziwa hilo Turkana.

Hatua ya pili ilikuwa ya mipaka. Mnamo 1902 na 1903, Kapteni Philip Maud wa jeshi la wahandisi la Uingereza alipima eneo la mpaka kati ya himaya ya Waingereza na Ethiopia. Mkataba wa mpaka ulitiwa saini mwaka 1907, na Meja Charles Gwynn akapima tena mwaka 1908 na 1909. Wapimaji hawa walitafuta vilele na mito iwezayo kuwa mpaka. Malisho na visima viliwashughulisha kwa kadiri tu ya mahitaji ya mpaka na ya wanyama wao wa mizigo. Huo ndio urithi wa kwanza wa ramani za kaskazini: zilianza kama ramani za ukingo wa nchi, na katikati ya nchi pakajazwa baadaye.

Hatua ya tatu ilifuata Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya upimaji wa makoloni, iliyoongozwa na Martin Hotine, na ndege za kijeshi zikapiga picha za angani za sehemu kubwa za Afrika Mashariki. Kazi hiyo iliendelezwa kwa ushirikiano na Idara ya Upimaji ya Kenya, ambayo makao yake ni Ruaraka, Nairobi. Ndege hupiga picha kwa mistari sambamba, kila picha ikiifunika iliyotangulia kwa takriban asilimia 60. Picha mbili za jinsi hiyo zikitazamwa pamoja kwa chombo cha lenzi mbili, jicho la kushoto likiona moja na la kulia likiona nyingine, ardhi huinuka mbele ya mtazamaji, milima ikasimama na mabonde yakazama. Hapo mchoraji huweza kufuatisha kontua na njia za maji bila kukanyaga mahali penyewe. Nguzo chache zilizopimwa ardhini kwa uangalifu ndizo zinazoifunga picha mahali pake duniani.

Njia hii ilikuwa na faida kubwa, lakini ilikuwa na tabia moja ambayo msomaji wa ramani hana budi kuikumbuka. Picha njema hupatikana siku zisizo na mawingu. Na siku zisizo na mawingu ni za kiangazi. Kwa hiyo mito ya kaskazini ilipigwa picha ikiwa mikavu. Mchoraji aliyeketi ofisini, mbali na Wajir na Lodwar, aliitambua kwa ishara mbili: weupe wa mchanga na mstari wa miti. Migunga na mikoma hufuata maji yaliyo chini ya ardhi, na mahali miti ilipojipanga kama safu, ndipo mstari wa buluu ulipochorwa.

Siku hizi kazi imekuwa nyepesi kwa upande mmoja. Mwezi wa Februari 2000 chombo cha angani Endeavour kilipima mwinuko wa sehemu kubwa ya dunia kwa rada kwa muda wa siku 11, na vipimo hivyo sasa hupatikana kwa yeyote. Kituo cha kanda cha upimaji na uchoraji wa ramani kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975 hutumia picha za setilaiti kwa nchi nyingi za Afrika. Lakini setilaiti huona umbo, haioni jina. Wala haijui ni kisima gani kina maji matamu na kipi kina maji ya chumvi.

4. Laga na alama yake

Neno ambalo watu wa kaskazini hulitumia kwa njia ya maji isiyokuwa na maji kwa sehemu kubwa ya mwaka ni "laga". Asili yake ni Kioromo, lugha inayosemwa Kenya na Waborana na jamaa zao, nalo limeenea hadi kwa majirani wa lugha nyingine na hata katika Kiingereza cha watumishi wa serikali waliofanya kazi huko.

Ili kuifahamu laga, yafaa kwanza kuifahamu mvua. Tambarare za Turkana na jangwa la Chalbi hupata mvua kidogo sana. Wastani wa Lodwar ni takriban milimita 200 kwa mwaka. Mvua hiyo haigawanyiki sawasawa. Yaweza kunyesha sehemu kubwa yake kwa siku chache, na katika mlima mmoja tu. Maji yakiteremka juu ya mawe makavu yasiyo na majani ya kuyazuia, hukusanyika haraka na kupita katika laga kwa kishindo, huku mbingu ya mahali yanapopita ikiwa haina hata wingu. Baada ya saa au siku chache maji ya juu hukoma. Yaliyobaki huzama katika mchanga, na mchanga huyahifadhi yasinyauliwe na jua. Ndiyo maana watu wa nchi ile, na hata ndovu, huchimba kitako cha laga wakati wa kiangazi wakapata maji. Laga basi ni mto wa namna mbili: juu ni wa muda mfupi, chini ni wa muda mrefu.

Laga nyingi hazifiki baharini. Laga ya Milgis hupita kati ya milima ya Ndoto na ile ya Mathews na kuelekea mashariki, katika jangwa la Kaisut. Zile zinazoteremka kwenye Chalbi hulijaza kwa muda, likawa ziwa lisilo na kina, kisha likarudi kuwa chumvi na udongo. Hata Ewaso Ng'iro wa kaskazini, ambao hupata maji kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, huishia katika kinamasi cha Lorian. Ni katika miaka ya mvua nyingi tu ambapo maji hupita hapo na kufuata Laga Dera kuelekea Somalia. Mmarekani William Astor Chanler, aliyesafiri na von Höhnel kati ya 1892 na 1894, aliufuata mto huo akitarajia kukuta ziwa la Lorian, akakuta kinamasi.

Ramani hujibu hali hii yote kwa mstari mmoja uliokatikakatika. Mstari huo husema kwamba maji hayadumu. Hausemi kama yanapita siku mbili au miezi minne. Hausemi kama chini ya mchanga pana maji. Wala hausemi kama mkondo ulikuwa hapo hapo mwaka jana. Karibu na Ziwa Turkana, ambako Turkwel na Kerio hutandaza matope yao, mikondo huhama, na mstari wa ramani hubakia mahali pa zamani. Pia kimo cha ziwa hupanda na kushuka, kwa kuwa halina mahali pa kutokea maji. Sehemu iliyo kubwa kabisa ya maji yake hutoka mto Omo wa Ethiopia, na tangu bwawa la Gibe III lilipozinduliwa mwaka 2016 mafuriko ya Omo yamedhibitiwa na mkono wa binadamu. Ramani iliyochorwa kabla ya hapo huonyesha ukingo wa ziwa uliokuwa wa siku ya picha.

5. Majina: mahali lugha inapokutana na upimaji

Mto mmoja, Ewaso Ng'iro, watosha kuonyesha tatizo la majina. Katika ramani na vitabu vya nyakati mbalimbali umeandikwa Guaso Nyiro, Uaso Nyiro, Waso Nyiro na Ewaso Ng'iro. Jina ni la Kimaa: sehemu ya kwanza maana yake ni mto, na ya pili ni rangi ya kahawia, yaani mto wa maji yaliyochafuka kwa udongo. Kinachotatiza ni herufi. Msemaji wa Kiswahili anajua kwamba "ny" ya nyumba na "ng'" ya ng'ombe ni sauti mbili mbalimbali. Kwa masikio ya mgeni asiyezizoea zilichanganyika, na "ng'iro" ikawa "nyiro". Waborana wanaoishi kando yake huuita Waso tu, wakiwa wamelichukua neno la Kimaa la "mto" wakalifanya jina la pekee.

Kisha hufuata jambo la kuchekesha kidogo. Akisema "Mto Ewaso Ng'iro", Mswahili amesema "mto mto wa kahawia". Akisema "Mto Laga Dera", amesema "mto mto mrefu", kwa kuwa "dera" ni neno la Kioromo la urefu, na Kisomali kina neno la karibu sana nalo kwa maana hiyo hiyo. Si kosa la kuwalaumu watu. Lugha zote hufanya hivyo zinapokutana. Lakini laga hiyo hiyo imeandikwa Lagh Dera, Lak Dera na Laga Dera, na mtafutaji wa jina katika faharasa anaweza kudhani kwamba ni laga tatu.

Tahajia "lugga", iliyoenea katika maandishi ya Kiingereza, nayo ina sababu yake. Katika Kiingereza herufi "u" mara nyingi husomwa kwa sauti iliyo karibu na "a" ya Kiswahili. Mwandishi alisikia "laga", akaandika "lugga", na msomaji mwenziwe Mwingereza akaitamka sawasawa. Tatizo lilianza wakati msomaji wa Kiswahili alipoipokea ramani hiyo na kutamka "luga". Vivyo hivyo "lagh": Mswahili huona "gh" akakumbuka ghala na ghali, sauti ambayo Mborana hakuikusudia.

Majina mengine ya kaskazini ni hazina ya habari kwa anayeyafahamu. "El" mwanzoni mwa jina, kama katika El Wak, ni kisima, kwa Kisomali na kwa Kioromo pia. El Wak ni visima vya Waaq, jina la kale la Mungu kwa jamii hizo. "Malka" ni mahali pa kuvukia mto, kama Malka Mari kwenye mto Daua, unaofuatana na mpaka wa Kenya na Ethiopia hadi Mandera. "Dida" ni uwanda, kama Dida Galgalu upande wa kaskazini wa Marsabit. Katika Kiturkana viambishi "Lo-" na "Na-" hujirudia katika majina ya mahali: Lodwar, Lokichar, Lokitaung kwa upande mmoja, Nadapal na Nariokotome kwa upande wa pili. Hivyo ni viambishi vya jinsia katika sarufi ya lugha hiyo, cha kwanza cha kiume na cha pili cha kike. Mwandishi akivichanganya, ameunda jina jingine.

Mpimaji anayefika mahali na mkalimani huuliza: "Hapa panaitwaje?" Jibu laweza kuwa jina la kijiji, la kisima, la ukoo uliopiga kambi msimu ule, au neno tu la "mto". Asiyejua lugha hana njia ya kupambanua. Katika nchi ya wafugaji wahamao jambo hili ni zito zaidi, kwa maana jina la kambi huhama na watu, lakini jina la kisima hubakia. Ramani inayoandika jina la kambi kana kwamba ni mji humpeleka mgeni mahali pasipo na mtu.

6. Barabara, vivuko na maji yaliyotengenezwa na watu

Katika nchi ya laga, barabara hukata njia za maji kila baada ya masafa mafupi. Mhandisi ana njia tatu: kujenga daraja, kutia kalvati, au kujenga kivuko cha saruji kilicho chini, ambacho maji hupita juu yake na magari husubiri mpaka yapungue. Kuchagua kwahitaji kujua maji yanayopita katika laga wakati wa mafuriko, si yale yanayoonekana siku ya ukaguzi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifundisha Kenya nzima somo hili, madaraja na barabara nyingi zilipozolewa. Wazee wa mahali aghalabu hujua maji yalifika wapi mwaka fulani, na huonyesha mti au jiwe. Habari hiyo haimo katika kontua yoyote, lakini yaweza kuokoa daraja. Na mahali panapoitwa Malka, jina lenyewe limekwisha kumwambia mhandisi kwamba vizazi vingi vya watu na mifugo vimeona hapo ndipo pafaapo kuvukia.

Sura ya kaskazini imebadilika kuliko karatasi za ramani. Bwawa la Turkwel lilimalizika mwaka 1991. Kazi ya kutia lami barabara ya Isiolo hadi Moyale ilianza mwaka 2007 na kukamilika katika muongo uliofuata. Mwaka 2012 ulizinduliwa mpango wa kuiunganisha Lamu na Ethiopia na Sudani Kusini. Kusini mashariki mwa Ziwa Turkana pamesimamishwa mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo, na mwaka 2018 ikaunganishwa na Suswa kwa nyaya zenye urefu unaozidi kilometa 400. Mtu anayetumia karatasi ya zamani hatayaona hayo. Lakini pia mtu anayetumia picha mpya ya setilaiti huyaona mambo hayo makubwa na kukosa madogo yaliyo muhimu kwa wenyeji: kisima cha laga kinachochimbwa upya kila kiangazi, na njia ya mifugo isiyo na lami wala kibao.

Uzito wa jambo hili umeongezeka tangu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Kwa sheria hiyo jamii huweza kuandikishiwa ardhi yake, na ardhi haiandikishwi bila mipaka. Mipaka ya kale ya malisho hutajwa kwa laga, kilima na kisima. Ikiwa laga moja ina majina matatu katika ramani tatu, au ikiwa laga mbili zimepewa jina moja, mgogoro umekwisha kupandwa kabla ya karani kufungua daftari. Tahajia iliyoonekana kuwa jambo la watu wa lugha huwa jambo la mahakama.

7. Maneno ya Kiswahili yafaayo

Kiswahili kina maneno mengi ya maji, lakini yalizaliwa katika nchi za mvua na bahari. "Mto" humpa msikilizaji picha ya maji yatiririkayo. "Kijito" huonyesha udogo, na laga nyingi ni pana kuliko mito ya kudumu. "Mkondo" ni mwendo wa maji yenyewe au njia yake, bila kuonyesha msimu. "Korongo" hukaribia, na katika sehemu nyingi hutumiwa hivyo, lakini asili ya picha yake ni ufa wenye kingo zilizosimama, uliochimbwa na mmomonyoko. Laga ya tambarare yaweza kuwa na kingo za kimo cha goti tu. Isitoshe, korongo ni ndege pia. Neno "wadi", ambalo Waarabu hulitumia kwa jambo hili hili, limekwisha kushikwa Kenya kwa maana ya sehemu ya uchaguzi na chumba cha wagonjwa.

Lililo jepesi na la haki ni kulipokea neno "laga". Limekwisha kujulikana na wasemaji wa Kiswahili wa Isiolo, Marsabit na Wajir. Sauti zake zote zimo katika Kiswahili. Nalo huingia bila taabu katika ngeli ya I-ZI: laga hii imejaa, laga hizi zimekauka. Kiswahili kiliposhikana na bahari kilichukua maneno ya mabaharia wa Uarabuni na Uajemi, na hakuna anayeyaonea haya. Kikishikana na nchi ya wafugaji, yafaa kichukue maneno ya wafugaji.

Kwa mengine maneno yapo tayari. Hodhi ya mvua iliyochimbwa ardhini huitwa silanga katika Kenya, na lambo katika Tanzania. Tangi la chini ya ardhi lililojengewa, ambalo Wasomali huliita kwa jina la asili ya Kiarabu, ni jamaa wa "birika" la Kiswahili; maneno hayo mawili yametoka katika mzizi mmoja. Mahali pa kuvukia ni kivuko, na "malka" ibakizwe katika jina la pekee bila kufasiriwa. Kuhusu majina yenyewe, kanuni mbili zatosha: kwanza, jina liandikwe kwa tahajia ya lugha iliyolizaa, kama ilivyokubaliwa na wasemaji wake, pili, neno la "mto" lisirudiwe mbele ya jina ambalo tayari lina maana hiyo, ila pale ambapo msomaji mgeni atapotea bila hilo. Chini ya kanuni hizo ramani itaandika Ewaso Ng'iro na Laga Dera, na ufunguo wa alama pembezoni utaeleza maana ya ewaso, laga, malka na el mara moja kwa wote.

8. Hitimisho

Imeelezwa kwamba ramani ya sura ya nchi ni kazi ya macho, ya hesabu na ya lugha. Macho na hesabu yamesaidiwa sana na ndege na setilaiti, hata umbo la kaskazini mwa Kenya sasa linajulikana kwa usahihi ambao Maud na von Höhnel wasingeuota. Upande wa lugha umebakia nyuma. Majina mengi bado yamevaa tahajia za makarani wa zamani, na mstari uliokatikakatika bado unatumiwa kwa mito ya tabia mbalimbali.

Kazi iliyobaki inahitaji wapimaji waende pamoja na wanafunzi wa lugha, wakiwa na daftari pamoja na vyombo vya kupimia. Waulize jina la laga, na maana yake; waulize maji hupatikana kwa kuchimba kina gani, na mwezi upi; waulize nani huchimba. Majibu yaandikwe kwa lugha ya mwenye kujibu kwanza, ndipo yafasiriwe kwa Kiswahili. Wazee wanaoyajua majina ya visima kwa mpangilio wa njia nzima bado wapo Marsabit, Wajir na Turkana, na idadi yao hupungua kila mwaka.